Fundi Aliyesimama Mbele ya Gari

Wafaransa walipoondoka Moroni, jirani yangu mwalimu alinunua gari dogo la mbio lililoachwa na daktari wao. Breki za nyuma zilikuwa dhaifu. Fundi mmoja wa mtaa wa Magoudjou alizing'oa kalipa zake, vile vibanio vya breki, akafunga kubwa zaidi za gari lililopinduka, baada ya kuchonga vishikio kwa tupa siku tatu.

"Zitaweza mteremko wa Mvouni?" mwalimu aliuliza.

"Panda, kisha ushuke. Nitakungoja katikati ya barabara."

Kweli akasimama, mikono nyuma. Gari lilipotokea kwa kasi nilifumba macho. Nilipofumbua, lilikuwa limetulia hatua mbili mbele yake. Fundi aliinama, akagusa magurudumu ya nyuma, akilinganisha joto lake.

"La kushoto limechelewa kidogo kushika. Nitalirekebisha."

Sijaona mwingine aliyeiwekea kazi yake roho rehani, kisha akaikosoa.