Wanja Chini ya Darubini

Nilitoka Voi kwa sababu ya jicho. Mwiba wa mkonge ulinichoma nikifyeka ua, na daktari wa kwetu akasema huenda uliingiza kuvu, na kama imezama ndani, jicho litatolewa. Hilo ndilo pekee linaloona. La kushoto lilipofuka kwa surua nikiwa mdogo. Na mimi ni fundi cherehani. Akanielekeza Mombasa, kwenye darubini inayopiga picha ndani ya jicho bila kulikata.

Nilishuka steji ya Mwembe Tayari mchana, machozi yakinitoka kwa jua. Tuktuk ilinifikisha Kibokoni kwa Bi Zuhura, rafiki wa marehemu mama. Aliniandalia mahamri na mbaazi. Kwa woga sikula.

Asubuhi alinikuta nimelishika jicho. "Ndoo mwanangu, nikutie wanja. Wapoza mato," alisema, akinivuta karibu anitazame macho. Ningemkatalia vipi mwenyeji wangu? Na kweli ulipoza.

Maabara yenye darubini hiyo iko karibu na Buxton. Daktari Salma alinitia matone ya ganzi, akaligusisha jicho na lenzi. Mwanga ukanijaa. Akaitazama picha kwenye skrini.

"Kuna vitu vinang'aa kila mahali," alisema. "Dada, umetia nini humu?"

"Wanja."

Alishusha pumzi, akaniosha jicho. Lakini chembe nyingine zilikuwa zimenasa kidondani, na kuzikwangua kungeniumiza zaidi. "Zinarudisha mwanga mpaka picha yote ni nyeupe," alinieleza. "Lakini mwanga huu ni vitone, na kila kitone hurushwa na kioo chake kidogo. Nitazima vinavyoangukia wanja, niwashe vingine. Usipepese."

Niliogopa mwanga utaniunguza. Nilianza Baba Yetu, nikaisahau katikati.

"Nyuzi za kuvu zipo," akasema.

"Basi litatolewa?" nikauliza.

"Ziko juujuu tu. Chini ni safi. Dawa itazifikia, ukiitia kila saa bila kukosa."

Bi Zuhura alinisindikiza hadi steji. Nilipomsimulia alilia. "Niwie radhi mwanangu." Nikamkumbatia, maana alinitendea kama mama. Ila nimejifunza: daktari aambiwe kila kitu, hata kile ulichopakwa kwa mapenzi.

Hofu haikubaki Mombasa, nilipanda nayo basi. Njia nzima nilisoma kila kibao cha duka kwa sauti, hata matangazo ya sabuni. Mama wa kiti cha jirani akaniuliza kama naumwa.

"Hapana," nikamwambia. "Bado naona."