Maji Puani mwa Dada

Siku ya tatu baada ya kumzika dada yangu nilitoka mtaani kwetu Kimironko asubuhi na begi moja, sijui niendako. Nimezoea kuondoka hivyo tangu nilipoacha shule. Ila zamani nilikuwa naacha mtu nyumbani.

Dada alikuwa fundi cherehani sokoni. Kwa miezi kadhaa kichwa kilimuuma, na kila akiinamia cherehani, pua ya kushoto ilidondosha maji, safi kama ya kunywa. Wateja walilalamikia matone kwenye vitenge vyao. Nikasema ni mafua. Nikamchemshia majani ya mikaratusi, nikamfunika blanketi ajifukize.

"Penga kwa nguvu, yatoke yote!"

"Yana chumvi," akasema humo ndani. "Mafua gani ya chumvi, wewe daktari wa darasa la tano?"

Tukacheka. Mimi husoma kila karatasi ninayokutana nayo, hata zile za ndani ya maboksi ya dawa, kwa hiyo alinidhihaki na bado akanisikiliza. Akapenga.

Hospitalini daktari alinichorea, maana niliuliza mno. Maji yanayouzunguka ubongo yalikuwa na shinikizo kubwa, yakasukuma polepole mpaka mfupa mwembamba ulio juu ya pua ukatoboka. Kipande cha ubongo kikateremka kwenye tundu hilo, na utando wake. Walipanga kuliziba tundu kwa kupitia puani. Kwa sasa asipenge kabisa, vijidudu visije vikapanda.

Dada alinitazama, akajipangusa pua taratibu kwa upindo wa kitenge.

Homa ya uti wa mgongo ilimwahi kabla ya upasuaji. Nilimuuliza daktari kama ni kule kupenga. "Hatuwezi kujua," akajibu. Afadhali angesema ndiyo.

Basi nilitembea hadi kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Wapiga debe waliniitia Musanze, Huye, Rusizi, sikuweza kuchagua. Nikapita, nikapanda kilima cha Gatsata, ambako nilikuwa sijawahi kulala. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo akanionyesha chumba.

"Iko moja tu, ya mtu moja. Hakuna kuleta watu." Akafungua daftari. "Nipe namba ya ndugu yako. Ukigonjwa, niite nani?"

Namba ninayoijua bila kutazama simu ni moja. Nikamtajia, naye akaandika.

"Huyu ni nani yako?"

"Dada," nikasema.