Niliapa Kwamba Mikorosho Aliipanda Mjomba

(Barua hii imetoka kwa msomaji wetu wa Newala. Ameomba jina lake lisionekane, nasi tumelificha. Yanayofuata ni maneno yake.)

Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, mwalimu wa shule ya misheni, nina mke na watoto watatu. Kwetu ni Makote. Watu huniona mtu wa maana sana, hasa Jumapili ninaposoma kanisani. Laiti wangejua.

Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mjomba na mkewe, Mama Tomasi. Mwaka jana mjomba naye akafariki. Kwa desturi yetu ardhi ni ya ukoo wa upande wa mama, kwa hiyo shamba lake likarudi kwetu wapwa, si kwa wanawe. Lakini mti ni wa aliyeupanda, na shamba lile lote ni mikorosho.

Dada yangu mkubwa akanijia juu: "Wewe ndiye mwanamume wetu. Ukimwacha mwanamke yule pale, sisi tutalima wapi?" Mama Tomasi alikataa kuhama, nikamshtaki barazani kwa Liwali.

Swali lilikuwa moja tu: mikorosho ile ilipandwa na nani? Nikashika Biblia, nikasema aliipanda mjomba peke yake. Uongo mtupu, maana nilikuwepo. Mjomba alikuwa mbali, anakata mkonge. Mwanamke yule ndiye aliyefukia kila mbegu kwa mkono wake, na kiangazi akawa anateremka bondeni kuchota maji na kupanda mlima na mtungi kichwani. Miche ilikunywa kwanza, sisi watoto baadaye. Nakumbuka nilivyokuwa nikinuna kwa kiu.

Nikashinda kesi. Akaamriwa ahame baada ya mavuno. Nje ya baraza nikamwamkia kwa mazoea tu, "Shikamoo, Mama Tomasi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nilitamani ardhi inimeze. Heri angenitukana.

Nyumbani mke wangu hakufurahia ushindi wangu. Alisema taratibu, huku anapepeta mtama: "Baba Agnesi, mikorosho yetu tumeipanda wawili, kwenye ardhi ya ukoo wako. Siku ukifa, wapwa zako wataapa kama ulivyoapa wewe. Mimi na wanao twende wapi?" Nikamwambia anyamaze.

Sasa Mama Tomasi amekata rufaa kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Nikisema kweli, nitajulikana kuwa niliapa uongo, ualimu utaniponyoka, na dada zangu wameshaniambia nisikanyage tena kwao. Nikishikilia uongo wangu, namtoa nje mama aliyenilea, na wanangu nawaandalia kufukuzwa vivyo hivyo. Silali vizuri, chakula hakipiti.

Juzi karani wa boma alinisomea rufaa yenyewe. Nilijikaza, nikijua Mama Tomasi ataniita mwongo na kutaja kila mtungi alioubeba. Hakutaja hata mmoja. Ameandikisha maneno machache tu: "Mtoto yule nimemlea mimi. Naomba aulizwe tena."

Wiki ijayo nitaulizwa tena. Ndugu zangu, nishaurini, nijibu nini?