‘Yumo Humu Ndani, Lakini Nina Hamu Naye’

Hodi ya kwanza haijibiwi. Ya pili inajibiwa kutoka uani, na mjane wa fundi cherehani anatokea akifuta mikono kwenye upindo wa nguo yake. Akimwona aliyesimama mlangoni, uso unamfunguka.

“Karibu, Kigoda. Leo viti vipo, wageni wameisha.”

Muuguzi anaingia na kigoda chake kwapani hata hivyo, anakiweka sakafuni na kukaa, goti kwa goti na mwenyeji wake. Jina hilo walimpa wagonjwa. Yeye hakai kitandani kwa mtu, wala hasimami. Anasema mgonjwa amechoka kutazamwa kutoka juu, kwa hiyo anakaa chini kuliko mto wake wa kulalia.

Kalamu haijatoka mkobani. Kwanza anaulizia usingizi. Mjane anasema usingizi unakuja, ila unamkuta upande mmoja tu wa kitanda.

Muuguzi huyu, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, ameajiriwa katika utafiti wa wauguzi kuhusu familia zinazoishi na ugonjwa usiopona. Huwatembelea wagonjwa majumbani, huwatuliza maumivu, huwauliza maswali. Msiba ukishapita, hurudi kwa waliobaki. Nyumba thelathini na mbili ziko chini yake, na nyingi anazifikia kwa miguu. Mshahara ni mdogo kuliko wa wodini alikotoka, na mkataba huongezwa mwaka hadi mwaka, fedha zikipatikana. Wenzake wa zamani humtania kwamba ameacha kuponya watu akaenda kuwasindikiza.

“Nyie mnawajua wakiwa wamevaa nguo za hospitali,” huwajibu. “Mimi nawajua wakiwa kwao.”

Na kwao ndiko kwenye kazi. Tuseme ukweli: ugonjwa mkubwa tunauficha kama mali ya wizi. Tunamficha mgonjwa, mgonjwa naye anatuficha, na kifo, ambacho hakijawahi kufichika, kinapita katikati kikitukuta tumepeana migongo.

Utafiti wenyewe una sharti gumu. Mgonjwa anahojiwa peke yake, ndugu peke yake, na neno la huyu halivuki mlango kwenda kwa yule. Kwa ridhaa ya mjane, muuguzi anasimulia jinsi sharti hilo lilivyombana katika nyumba hii.

Saratani ya ini ilikuwa imemlaza fundi, lakini haikuwa imemnyang’anya mkasi. Muuguzi alimkuta kila mara ameegemea mito, vitambaa vya watu vimemjaa mapajani, jasho la maumivu likimtiririka. Chupa ya mofini, dawa ya maumivu makali, ilikuwa dirishani, imejaa kama ilivyoletwa. Akamuuliza kwa nini hanywi.

“Nikinywa, mkono unalegea, binti. Nitamkatia mtu suruali ya miguu mitatu.”

Na kwa nini anashona? Fundi alishusha sauti, akaeleza kwamba mkewe anapokea kazi za watu kila siku. Akizikataa, mke atajua kwamba yeye anakufa, naye hakutaka aanze kulia kabla ya wakati.

Jikoni, mkewe naye alikuwa na lake. Yeye ndiye aliyekuwa akizunguka kwa majirani kuomba vitambaa. Daktari alikuwa amemweleza yote. “Bila kazi atajua tumemkatia tamaa,” alimnong’oneza muuguzi. “Acha ajione bado anahitajika.”

Basi mmoja akileta, mwingine akishona, wote wawili kwa mapenzi, na maumivu yakila katikati yao. Muuguzi alikuwa na maneno yote mawili mdomoni, kila moja kaa la moto, na hakuruhusiwa kutema hata moja. Alichotaka ni kimoja tu: wazungumze wakiwa bado wawili.

Alikwenda kwa kiongozi wa utafiti, muuguzi aliyemtangulia kazini. Mkubwa wake hakulegeza sharti. Ila alimkumbusha kwamba kabla ya kuwa mtafiti yeye ni muuguzi, na maumivu ya mtu hayahitaji ruhusa kushughulikiwa.

Ziara iliyofuata, maswali ya karatasi aliyaacha mkobani. Akakaa kwenye kigoda chake kama kawaida yake, akauliza la kwake: “Baba, una hamu na nini?”

Mkasi ukasimama.

“Nina hamu na mke wangu,” fundi akasema. “Yumo humu ndani, namsikia anakoroga chai. Lakini kila akiingia ananiletea kitambaa na uchangamfu. Nina hamu naye yule wangu, aliyekuwa akininunia.”

“Hilo siwezi kumpelekea, baba. Mimi nimefungwa mdomo. Wewe hukufungwa.”

Fundi alinung’unika kwamba mabinti wa siku hizi wanawatuma wazee. Kisha akaita. Mkewe akaja na kikombe mkononi, tabasamu tayari.

“Mama Watoto, vitambaa vya watu warudishie wenyewe.”

“Vyote?”

“Vyote.”

Mke akatazama rundo, akamtazama mumewe. Tabasamu likaanza kumponyoka. “Na gauni la jirani yetu?”

“Hilo liwe la kwanza. Yule hata nikiwa mzima haridhiki.”

Walicheka. Kicheko kilikwenda, kikaenda, kikageuka kilio, na muuguzi akabeba kigoda chake akatoka uani. Jioni hiyo fundi alikunywa dawa, akalala kama mtu aliyetua mzigo. Siku chache za mwanzo dawa ilimpa usingizi mwingi. Kisha akawa macho, bila mkasi, bila jasho.

Waliishi hivyo majuma matatu hivi.

“Tuligombana hata,” mjane anasema, na macho yake yanang’aa. “Kuhusu mdogo wake, kuhusu pazia nililonunua bila kumuuliza. Nikamnunia siku nzima. Ah, mwanangu, nikajua nimeolewa tena.” Anakunja upindo wa nguo yake. “Ila zile siku za nyuma tulizokuwa tunadanganyana, hizo natamani nirudishiwe, niziishi bila uongo. Nazitamani kuliko hata za harusi.”

Muuguzi hamfariji kwa methali. Anamshika mkono, anangoja.

Kikundi cha utafiti kimekubali lile swali lake lijaribiwe katika nyumba nyingine. Anamweleza mjane habari hiyo kama zawadi. Mjane anaipokea, kisha anaigeuza kama mtu anayekagua pindo.

“Na wewe, Kigoda? Una hamu na nani?”

Muuguzi anacheka, anataka kulikwepa. Halikwepeki. Anasimulia kwamba alikuwa chuoni akisomea kazi hii hii mama yake alipougua. Baba yake aliwakataza ndugu zake wasimwambie, asije akaacha mtihani. Aliporudi nyumbani alikuta mama ameshazikwa, godoro lake limeanikwa ukutani.

“Nilifaulu,” anasema. “Vizuri sana.”

Baba yake bado yupo. Huongea naye kwa simu kila wiki: mvua, bei ya saruji, goti lake. La mama hawajawahi kuligusa. Mwisho wa mwezi huu muuguzi amepewa likizo, na safari hii hatapiga simu. Atakwenda mwenyewe.

“Siendi kumlaumu,” anasema. “Alidhani ananifungulia njia. Nataka tu aniambie mama alikuwa akisema nini siku zile, hata kama ni habari za uji.”

“Na kama amesahau?”

Muuguzi anaufunga mkoba wake.

“Basi aniambie yeye alikuwa akimjibu nini, kila mama alipouliza kama nimefika.”