Mtumbwi Mmoja na Mkwe

Dada mkubwa wa mke wangu anakaa ng'ambo ya Mto Ugalla, na macho yake yanafifia. Mara mbili nilimwahidi mke wangu kumpeleka, mara mbili nikaghairi kwa uvivu tu. Masika haya maji yalipoifunika barabara, akaniambia, "Mzee, safari hii nitakwenda hata kwa kuogelea. Nataka dada anione kabla hajabaki kunisikia tu."

Nikaapa tutafika. Tukatoka Tabora mjini alfajiri, na mtoni tukawakuta binti yetu na mumewe, mrina asali aliyezoea mitumbwi. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu Wanyamwezi mkwe na mama mkwe hawakaribiani wala hawasemezani ovyo, na mtumbwi ule ulikuwa mwembamba, watu hukaa mmoja nyuma ya mwingine. Tukapanga hivi: mke wangu mbele kabisa, uso mbele, binti nyuma yake, mimi kama ukuta, na nyuma yangu mkwe, amesimama na pondo lake la kusukumia. Neno lolote kati ya wale wawili lingepitia kwangu.

"Baba umekuwa mnara wa simu," binti akasema.

"Basi msiongee sana, mtandao utasumbua."

Tulikubaliana pia kwamba jua likianza kushuka hatujafika, tunarudi. Jioni viboko hutoka, na njia zile za maji ni zao.

Matete yalikuwa marefu kuliko mkwe. Mbele yetu njia ya maji ikagawanyika, na mke wangu, aliyezaliwa huko, akanyoosha shingo. "Mwambie mkwe, kulia. Maji ya kulia yanatembea."

Mimi niliwahi kupita hapo ujanani, na nilikumbuka kushoto. Nikamwonyesha mkwe kwa mkono: kushoto. Mtumbwi ulipogeuka, mke wangu akauliza kulikoni.

"Mkwe anasema kulia kumezibwa," nikajibu.

Mkwe alinisikia nikimsingizia, akaendelea kusukuma. Angenikanushaje mbele ya mama mkwe? Nikaendelea kujisifu: mababu zangu wa Kwihara walibeba mizigo mpaka pwani, njia tunazo damuni.

"Walitembea nchi kavu, baba," binti akasema.

Hatukwenda mbali. Mafunjo yalikuwa yameziba njia yote, na mtumbwi ukajichomeka humo ukakwama. Jua lilikuwa limekwisha kuvuka utosi.

"Mwambie turudi nyumbani," mke wangu akasema taratibu. "Simlaumu, huku si kwao."

Laiti angefoka. Nikaona dada yake anampotea, na lawama inamwangukia kijana asiye na kosa. "Hakusema hivyo," nikasema. "Nimesema mimi. Na neno lako sikulifikisha."

Kisha mke wangu, bila kugeuka, akaupiga mtumbwi kofi ubavuni. "Wewe mtumbwi! Rudi mpaka njia panda, halafu ukate kulia."

Nyuma yangu mkwe akakohoa. "Mtumbwi, umesikia? Itika."

Binti alicheka mpaka tukayumba. Mimi nikashuka majini, yakanifika kifuani, nikausukuma kinyumenyume kwa nguvu zote nilizobakiza. Tulipofika njia panda nikapanda tena, nikakumbusha kuwa jua limeanza kushuka.

"Mtumbwi, utafika?" mke wangu akauliza.

"Mtumbwi utafika," mkwe akasema. "Ila leo haurudi."

"Basi ulale huko huko."

Kulia maji yalikuwa yakitembea kweli, na mkwe hakulipumzisha pondo hata mara moja. Jua lilikuwa bado juu ya miti tulipogusa ukingo. Shemeji aliletwa akiwa ameshikwa mkono. Akakamata uso wa mke wangu kwa viganja viwili, akausogeza mpaka pua zikakaribia kugusana, akautazama kwa muda mrefu.

"Mdogo wangu," akasema, "umezeeka."