Jiwe la Bibi na Kiti cha Baba

Asubuhi ya leo nilisikia harufu ya ulezi unaosagwa kwa mkono, nikasimama pale pale na mtoto analia mgongoni. Ni harufu kavu, kama vumbi lililoguswa na matone ya kwanza ya mvua. Hapa Tunduma watu wanapeleka nafaka mashineni, siisikii mara nyingi. Ilinirudisha kijijini kwetu Ibaba, kwenye baridi ile ya milimani, nikiwa na miaka minane hivi na siri nzito kifuani.

Bibi yangu, mama yake baba, kila alfajiri alishuka bondeni kuchota maji, akapanda tena na mtungi kichwani, mlima ambao sisi watoto tuliupanda kwa miguu na mikono. Kisha alipiga magoti nyuma ya jiwe kubwa, akashika jiwe dogo la juu, akasaga ulezi, mgongo ukienda na kurudi. Umri wake hakuna aliyeujua. Meno yalikuwa yamebaki machache, na hayo aliyatumia zaidi kunicheka.

"Wewe mke mwenzangu," aliniambia, "ukilala hivyo mume wetu atakula nini?"

Mume wetu ni babu, aliyekufa kabla sijazaliwa.

Baba aliporudi kutoka migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, alileta mablanketi mawili na kiti cha kukunja cha turubai. Akakiweka barazani. Kwetu, kufanikiwa kwa mtu kunatazamwa kwa mama yake: mama akionekana na mtungi kichwani, watu wanasema mwanawe amemtupa.

"Mama, umetumika vya kutosha," alisema baba. "Sasa kaa, ule."

Mimi akanipa kazi ya kulificha lile jiwe dogo. Nikalifukia kwenye shimo la majivu, nikajiona nampenda bibi kuliko watu wote.

Bibi akakaa. Mwezi wa kwanza majirani walikuja kumtazama kama bibi harusi. Mwezi wa tatu alikuwa anashika ukuta kwenda chooni. Akaacha kunitania, na hilo ndilo lililonitisha. Siku moja nilimshika mkono nimwinue, nikaukuta mkono ule uliokuwa mgumu kama mpini wa jembe umelegea kama wa mdogo wangu mchanga. Nikaangua kilio, nikasema yote.

Hakunipiga. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye majivu, akipumzika kila hatua chache, akafukua kwa vidole, akaliosha jiwe kama anayeogesha mtoto.

"Mke mwenza mbaya wewe! Ulitaka unizike mapema ubaki na mume peke yako?"

Baba alifoka sana. Bibi akaweka ungo wa unga juu ya kiti chake, akaanza upya. Kiganja kimoja cha ulezi, kesho yake viwili. Kutembea hadi kwenye migomba, baadaye hadi nusu ya mlima. Majira ya baridi yalimkuta anashuka tena bondeni.

Ndipo yakaja mafua makali, yakipanda na wasafiri waliotoka mpakani. Baba akaanguka, mama akaanguka, nami nikaanguka. Bibi pia yalimshika. Siku tatu nilimsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta, nikajua anakufa. Siku ya nne niliamshwa na sauti: kruu, kruu, kruu. Nikatambaa hadi mlangoni. Bibi alikuwa amepiga magoti, amejifunga kaniki, anatusagia ulezi wa uji. Mpaka leo sijaona kitu kikubwa kama mgongo ule mdogo. Alitunywesha mmoja mmoja. Baba alikuwa wa mwisho, amejikunja ndani ya blanketi, amekaa kwenye kile kiti cha turubai alichomletea bibi.

Nilipomaliza shule nilimuuliza dresa wa zahanati. Alisema hawezi kuapa; wapo wazee waliotembea kila siku na mafua yakawachukua. Ila kwa macho yake, alisema, mzee anayeutumia mwili wake kila siku mara nyingi hupambana na maradhi vizuri kuliko anayekalishwa. Nikamwona bibi tena, na viganja vyake viwili vya ulezi. Kumbe mimi na baba hatukumpa mapumziko. Tulimnyang'anya silaha.

Na leo? Aliyekuwa anasaga nyuma ya nyumba ni mama mkwe wangu. Nilipofika, mume wangu alikuwa ameshamchukulia jiwe, amelikumbatia, uso umejaa heshima.

"Baba Neema, lirudishe."

"Watu watasema unamtumikisha mama yangu."

"Waseme mpaka wachoke!"

Nililitoa mikononi mwake kwa nguvu. Bado nina hasira ninapoandika haya, wala si yeye peke yake ninayemkasirikia. Namkasirikia na yule mtoto wa miaka minane, aliyepiga magoti kwenye majivu akifukia kwa bidii, moyo umemjaa upendo.

Nyuma ya nyumba mama mkwe ameanza tena. Kruu, kruu. Hata mwanangu amenyamaza kumsikiliza.