Kidonda Kisichotoa Usaha

Kabla sijakatwa mguu nilikuwa nalima vitunguu huku Mtinko, kwa jembe la mkono. Naitwa Mama Neema. Mnaoumwa mgongo, nisikilizeni.

Mgongo ulinianza wakati wa kupalilia. Hamisi, mume wa dada yangu, anauza unga wa mgongo mnadani, kwenye vikaratasi. Akanipa. "Lamba, shemeji, kesho utacheza ngoma." Nikalamba, mgongo ukatulia. Nikalamba mwaka mzima. Uso ukawa mviringo, majirani wakasema, "Mama Neema kanawiri!" Nikafurahi, mjinga mimi.

Ndipo mwiba ukanichoma kisigino. Hakikuvimba, hakikutoa usaha. Hamisi akakitazama. "Kikavu hiki! Damu yako safi. Endelea na unga." Na kwetu kidonda kikavu ndicho kinachopona, basi nikafunga kitambaa nikarudi shambani. Haikuisha wiki, mguu mweusi mpaka kifundoni, unanuka. Watoto wakawa wanakulia nje.

Hospitali mjini, daktari, binti mdogo tu, akaniuliza natumia dawa gani. Nikafungua pindo la khanga nikampa kikaratasi.

"Unga huu huwa wanauchanganya na vidonge vikali vya kutuliza uvimbe," akasema. "Mama, kwenye damu una askari weupe. Mdudu akiingia wanamzingira, wanammeza mzima mzima, wanamyeyusha humo ndani. Wengi wanakufa. Usaha ni maiti zao. Wako hawakufa, maana hawakuja. Unga umewalaza, na ndio uliokujaza uso."

"Na mguu?"

Akainama. "Tukiuacha, tutakukosa wewe."

Wakaukata chini ya goti. Hamisi alikuja na machungwa. "Mungu ndiye kapanga, shemeji." Nikamjibu, "Mungu hafungi vikaratasi." Dada kaninunia mpaka leo, eti nimemchafulia mume jina. Basi nalitaja tena: Hamisi, mwenye turubai la bluu, mnadani. Bado anauza.

Namshukuru yule daktari, na Neema wangu anayeniogesha. Na wewe unayelamba unga, usiuache ghafla peke yako, nako huko ni hatari. Chukua kikaratasi, nenda nacho hospitali. Kidonda kikiwa kimya, usikisifu.

Juzi mama yangu mzazi, anayekaa kwa dada, alikuja kunitazama. Nikamwona mashavu yamejaa.

"Shikamoo mama. Unalamba nini?"

"Marahaba. Si ni unga wa mkwe wangu tu. Siku hizi nachota maji mwenyewe."

Nikamwambia kesho twende hospitali. Akacheka. "Niende kutibiwa nini, nami nimepona?"

Akaondoka kwa miguu yake, anatembea haraka kuliko mimi.